Shanta la Tano

Risiti ilikuwa ya tarehe kumi na moja Januari, 1974. Anaeli Swai alikuwa amepotea mlimani tangu tarehe nne. Kwa hiyo aliyeuleta mkanda wa picha hapa alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo, mwezi mzima sasa, hakurudi kuzichukua picha zake.

Inspekta Uwesu aliikunja risiti, akafuta jasho shingoni, akaingia studioni.

Kesi yenyewe haikuwa ya Dar es Salaam. Ilianzia Moshi. Anaeli alikuwa mchoraji wa ramani serikalini, mkazi wa Mchafukoge. Siku mbili baada ya Krismasi, yeye na mkewe Theopista, binti yao Elieshi na mwana wao Elisaria walishuka kwenye basi huko Tarakea, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, wakavaa mashanta mgongoni na kuanza kutembea. Walitaka kuuzunguka mlima kwa njia ya juu, inayopita pembeni mwa msitu, wakilala chini ya turubai, mpaka Machame kwa Eliasi, kaka mkubwa wa Anaeli. Walikadiria siku kumi. Siku ya tisa asubuhi, ukungu ukiwa umefunga, Anaeli alisema anakwenda kuteka maji, asirudi. Askari wa Moshi na wanakijiji walilipekua korongo la mto kwa siku nne. Hawakupata hata kifungo cha shati.

Eliasi alisubiri mwezi, kisha akateremka Dar na kufungua shauri. Alidai shemeji yake amemwua mdogo wake. Alisema mjane hakulia mbele ya watu, aliyajibu maswali kwa mkato, na hakukaa Machame hata wiki moja ya matanga. Risiti ya studio aliiokota mwenyewe ndani ya kitabu cha nyimbo, nyumbani kwa mdogo wake. Mkuu wa kituo alilisoma jalada akiwa amesimama. Alimwambia Uwesu kwamba ifikapo Jumamosi mama huyo awe ndani, au jalada lirudi Moshi lilikotoka. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mwenye studio, Rajabu, alikuwa mtu wa makamo aliyeifunga miwani yake kwa uzi. Alipoona kitambulisho hakuuliza mengi. Alivuta droo, akatoa bahasha, akaeleza kwamba mkanda uliletwa na msichana mrefu mwenye haraka, aliyeandikisha jina la Swai na kuahidi kurudi Jumatatu yake. Maelezo hayo yalilingana na Elieshi.

Uwesu alizipanga picha juu ya kaunta. Zilikuwa ishirini na mbili. Migomba, mfereji wa maji, miti iliyoota kuvu kama ndevu. Theopista akipuliza moto, uso ameugeuzia pembeni. Elisaria akila ndizi ya kuchoma. Nyingi hazikuwa na Anaeli, jambo la kawaida kwa mwenye kamera. Lakini katika tatu alikuwamo. Wote wanne walisimama pamoja, wakiwa na mashanta yao.

"Nani alipiga hizi tatu?" Uwesu aliuliza.

"Mpita njia," Rajabu alijibu. "Watu huombana."

Uwesu alimwuliza kama anaijua kamera ya Anaeli. Rajabu aliijua vizuri, maana Anaeli alikuwa mteja wake wa miaka. Ilikuwa kamera ndogo ya kuweka jichoni. Kile kisaa cha kumwezesha mtu kujipiga picha mwenyewe kiliharibika tangu mwaka juzi, na Rajabu ndiye aliyezunguka mji mzima akitafuta kipuri chake asikipate.

Uwesu aliomba kioo cha kukuzia, akainama. Katika picha ya kwanza vichwa viwili vilikatwa. Ya pili ililala upande, kana kwamba mlima unamwagika. Ya tatu ilikuwa safi. Lakini hazikuwa za siku moja. Katika ya kwanza Anaeli alikuwa amenyoa na viatu vya Elisaria viling'aa. Katika ya tatu Anaeli alikuwa na ndevu za wiki nzima, na kiatu cha kijana kilifungwa kamba ili kisiachame.

Aliinua kichwa. Mpita njia gani huyo aliyetembea na watu hawa wiki nzima, akijifunza kupiga picha?

"Lenzi iko juu kidogo ya kiuno cha mama huyu," alisema. "Aliyepiga alichuchumaa?"

Rajabu alizivuta picha karibu na miwani yake, akazilinganisha kwa muda.

"Anayechuchumaa huchuchumaa mara moja, akitafuta namna ya kupendezesha. Huyu yuko pale pale mara zote tatu. Huo ndio urefu wake, Inspekta. Na tazama macho ya watu hawa. Katika hii ya tatu wote wanatazama chini, na wanacheka vile mtu anavyomchekea mtoto."

Uwesu aliyatazama macho. Ilikuwa kweli. Naye Elisaria, aliyekuwa mdogo kuliko wote katika nyumba ile kwa mujibu wa jalada, alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa mbele ya kamera.

Kabla ya kutoka aliuliza kuhusu mashanta. Hayakuwa ya dukani. Yalikuwa ya turubai la lori, yameshonwa kwa uzi mweupe uliopita mara mbili. Rajabu alisema kazi ile haina haja ya kuuliza, ni ya Vitalis, fundi turubai wa nyuma ya Mtaa wa Swahili.

Jua la saa sita lilikuwa limeubana mji. Soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado limezungushiwa mbao, zege limesimama juu kama miavuli iliyopinduliwa, na wafanyabiashara walikuwa wametandaza nyanya na dagaa mitaani wakingoja lifunguliwe. Mbele ya duka la ushirika watu walijipanga kwa ajili ya sukari. Uwesu alipita kando ya foleni, akasimama penye kivuli cha ukuta, akafungua tena jalada la Moshi. Alikuwa amelisoma mara nyingi, lakini sasa alijua anachokitafuta.

Alikikuta ukurasa wa nne. Askari wa Moshi walipofika kambini jioni ya tarehe tano walimkuta mama na kijana wa kiume. Binti, waliandika, aliteremka alfajiri ile kwa sababu ya homa na kupanda basi la Dar es Salaam. Hakuna aliyemhoji. Walinzi wa msitu nao walithibitisha kwamba waliiona familia ile njiani. Hakuna aliyewauliza walihesabu watu wangapi.

Msichana mwenye homa hateremki mlima mzima kwa miguu na kupanda basi akimwacha mama yake katika hali ile. Ila kama kuna mtu anayehitaji kuondolewa pale kabla askari hawajafika.

Vitalis alikuwa amekaa juu ya kigoda, turubai limemfunika magoti, sindano ndefu mkononi. Alikuwa mtu wa Masasi, mwembamba, mwenye mvi za kando. Alipoisikia salamu ya Uwesu aliijua lafudhi, akamwuliza kwao ni wapi. Uwesu akasema Newala. Wakaulizana habari za mvua na korosho, na za jamaa waliohamishiwa vijiji vipya, kabla ya kufika kwenye shughuli.

Ndiyo, alimshonea yule bwana wa ramani mashanta. Mwezi wa Novemba. Manne.

Uwesu hakubisha. Aligeuka kuutazama ukuta. Vitalis hakuwa na daftari. Vipimo vyote aliviandika ukutani kwa chaki, na oda za zamani alizifuta tu alipohitaji nafasi. Karibu na dirisha paliandikwa neno RAMANI, na chini yake mistari mitano, kila mmoja na jina lake. Wa mwisho ulikuwa mfupi, hauzidi shubiri mbili. Paliandikwa SOFI.

"Fundi," alisema Uwesu, "huyu Sofi ni nani?"

Sindano ilipita kwenye turubai mara mbili, kisha ikasimama.

"Niliombwa nisiseme," Vitalis alisema. "Na si yule bwana aliyeniomba. Ni mkewe. Alikuja mwenyewe mwezi uliopita, amevaa nyeusi."

Baada ya hapo hakuhitaji kuvutwa. Sofi ni Sophia, alisema, mtoto wa miaka minane, darasa la pili. Anaeli ndiye aliyemleta kupimwa, akiwa amemshika mkono. Alitaka mikanda ya shanta la mtoto iwe mipana na itiwe kitambaa ndani isije ikamchuna mabega. Kitambaa kililetwa na bibi yake mtoto, Benedikta, mama mmoja wa kule kwao kusini anayewapikia chakula wajenzi wa soko. Mama wa mtoto alikuwa Selina, binti wa Benedikta. Selina alikufa kwa maradhi katikati ya mwaka jana. Baba wa mtoto hakutajwa kwa jina mbele ya fundi, lakini fundi alikuwa na macho.

Uwesu aliuliza Benedikta anaishi wapi.

"Jangwani, karibu na daraja. Lakini sikiliza, mwanangu," Vitalis alisema. "Yule mama aliponiomba ninyamaze, hakutisha wala hakutoa kitu. Alikaa pale ulipokaa wewe, akaniuliza kama mikanda ile inaweza kumwumiza mtoto. Nikamwambia hapana. Akasema basi ni viatu."

Njiani kwenda Jangwani Uwesu aliyapanga mambo jinsi polisi yeyote angeyapanga. Kuna mume. Kuna mtoto wa nje, ambaye mama yake amekufa na ambaye sasa lazima aletwe nyumbani. Kuna mke anayelazimishwa kutembea naye siku tisa. Kuna ukungu na korongo. Kisha shahidi mmoja anasafirishwa alfajiri iliyofuata, na fundi anaombwa anyamaze. Wanawake walikuwa wamefungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Swali lilikuwa moja tu: kama mtoto bado yu hai.

Balozi wa nyumba kumi alimwonyesha nyumba. Ilikuwa ya udongo na makuti, na kwenye ukuta ulionekana mstari wa kahawia, usawa wa goti, ambapo maji ya masika iliyopita yalifika. Uwesu alipiga hodi, akazunguka uani.

Benedikta, mwanamke mnene mwenye kanga iliyofifia, alikuwa akipeta mchele. Mbele yake, juu ya mkeka, alikaa mwanamke mwingine aliyevaa nyeusi tupu. Kati ya magoti yake alikaa mtoto wa kike, kichwa amekiinamisha, anasukwa. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha sukwa.

Uwesu alikuwa amemwona Theopista mara moja tu, kituoni, akijibu maswali kwa mkato. Sasa aliona vidole vyake vikigawa nywele za mtoto kwa taratibu, bila kuvuta.

Theopista hakusimama. "Nilijua utafika," alisema. "Nilidhani ungechelewa kidogo zaidi. Niache nimalize upande huu, atalala nao vibaya."

Benedikta alimletea kigoda na maji. Uwesu akakaa. Alisubiri mpaka msuko ule ukafika mwisho, kisha akaomba mtoto aende ndani na bibi yake. Theopista akamwambia Sophia aende. Mtoto akaenda bila neno, na Uwesu akaona kwamba alitembea akiwa ameshika upindo wa kanga ya bibi yake kwa ngumi iliyokaza.

"Hasemi," alisema Theopista. "Tangu siku ile. Hata jina lake."

Kisha alieleza, na Uwesu aliandika. Anaeli alimwambia habari za mtoto wiki ileile alipozikwa Selina. Theopista alikaa miezi minne bila kumpikia. Hakuficha hilo, alitaka liandikwe. Anaeli alimwandikia kaka yake Eliasi kuomba mtoto apokewe na ukoo. Eliasi akajibu kwa barua kwamba mtoto wa nje hatakikanyaga kihamba, shamba la migomba la baba yao, maadamu yeye yu hai. Anaeli aliisoma barua hiyo, akaiweka mezani mkewe aione, na siku ya pili akaleta ramani ya mlima nyumbani.

Uwesu alimwuliza kwa nini watembee. Mabasi yapo mpaka Machame.

"Nilimwuliza hivyo hivyo," Theopista alisema. "Akaniambia, tukienda kwa basi tutafika watu wanne na mgeni mmoja. Watu waliotembea pamoja siku kumi hawafiki na mgeni."

Alikubali kwa sababu alichoka kugombana. Siku tatu za kwanza alitembea mbele na hakugeuka nyuma. Mtoto alimfuata yeye, hakumfuata baba yake, akikanyaga pale pale alipokanyaga. Hakuomba maji wala mapumziko. Siku ya nne jioni walipovua viatu Theopista aliona soksi za mtoto zimeganda damu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechunika tangu siku ya pili, na mtoto hakusema, maana aliogopa wangemrudisha. Theopista alichemsha maji, akamwosha miguu. Kesho yake alibeba mashanta mawili, lake mgongoni na la mtoto kifuani. Ikawa hivyo mpaka mwisho.

Siku ya tisa Anaeli alitoka kambini saa mbili asubuhi na mtoto na kamera, akisema wanakwenda kuteka maji. Ukungu ulishuka nyuma yao. Saa tano hawajarudi. Wakaanza kuita kando ya mto, yeye na Elieshi na Elisaria. Alasiri, ukungu ulipoachia, Elieshi alimkuta Sophia amekaa njiani, si mbali na kambi, kamera shingoni, kiatu kimoja hana. Walimwuliza baba yuko wapi, hakujibu. Walitafuta mtoni mpaka giza likaingia.

"Ukamficha," alisema Uwesu.

"Ndiyo. Alfajiri nikamwambia Elieshi ateremke naye. Shemeji alikuwa ameshasema asiingie kwake. Sasa nimpeleke mbele yake nikiwa sina mume, mtoto ndiye wa mwisho kuwa na baba yake, na hasemi? Wangemwita nuksi mpaka anazeeka. Hilo neno halitoki kwa mtu."

"Umewaficha polisi shahidi kwa siku arobaini na moja, mama. Nitaliandika hilo."

"Andika."

Uwesu alifunga kalamu. Kulikuwa na jambo moja alilotaka kulijua kabla ya jingine lolote, nalo lilikuwa mikononi mwa mtoto ambaye hasemi. Alimwomba Benedikta amlete tena. Mtoto alipokaa, Uwesu hakumwuliza kitu. Alitoa bahasha ya Rajabu, akaziweka picha tatu juu ya mkeka, moja baada ya nyingine: ile yenye vichwa vilivyokatwa, ile iliyolala, na ile nzuri.

Sophia alizitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona; Theopista alikuwa amemkataza Elieshi kuzifuata, zisije zikamfichua mtoto. Aliishika ya tatu kwa pembe.

"Hii ni kazi safi," Uwesu alisema. "Mwenye studio mwenyewe ameisifu, naye hasifu ovyo. Nani alikufundisha?"

Benedikta aliuweka ungo chini.

"Baba," mtoto alisema.

Theopista aliubana mdomo kwa kiganja. Uwesu hakuharakisha. Aliuliza kama siku ile kwenye ukungu walikuwa wakienda kupiga picha nyingine. Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Sauti yake ilikuwa ndogo, yenye kukwaruza kwa kutotumika, lakini maneno yalikuja kwa mpango. Hawakwenda mtoni. Ndoo waliiacha njiani, wakapanda juu upande wa pili, kwenye mwamba. Baba alisema kutoka pale wataiona nyumba ya baba mkubwa, ina bati jekundu, karibu na kanisa. Alitaka aione kwa mbali kwanza, asiiogope akifika. Walipofika juu ukungu ulifunika kila kitu. Palikuwa na nguzo fupi ya mawe yenye namba.

"Namba gani?" Uwesu aliuliza.

"Themanini na saba."

Alikuwa darasa la pili, alisoma kila namba aliyoiona. Uwesu aliiandika, akapigia mstari. Ilikuwa nguzo ya mpaka wa msitu. Kila moja ilichorwa kwenye ramani za serikali.

Baba akamwambia ashike nguzo na asiondoke, akaenda hatua chache mbele kutazama kama upande ule kuna uwazi. Alishika. Akasikia mawe yakiporomoka. Akaita, hakuitikiwa. Aliendelea kushika. Alikaa mpaka akasikia Elieshi akiita kule chini, mbali. Akaita tena baba. Kisha akaondoka.

Hapo mtoto aliinama. Theopista alimgusa bega.

"Aliniambia nisiondoke," alisema Sophia. "Niliondoka. Akirudi hanioni."

Uwesu, aliyehoji wezi na wauaji kwa miaka kumi na mitatu, aliweka kalamu chini. Theopista ndiye aliyesema. Alimgeuza mtoto ili watazamane.

"Baba yako alikwambia ushike ili usianguke," alisema. "Hukuanguka. Dada yako alipoita, ukaja. Ulifanya vizuri kuja. Mimi nakwambia, na mimi nilikuwa mke wake."

Mtoto aliegemeza kichwa chake kifuani kwa Theopista, upande uliosukwa, akaanza kulia kwa sauti. Benedikta alisema afadhali, na wamwache alie.

Saa kumi na moja jioni Uwesu alikuwa chumba cha simu ya upepo. Aliwaambia Moshi waliache korongo la mto. Watafute chini ya nguzo ya mpaka namba themanini na saba, upande unaotazama Machame. Alirudia namba mara mbili na kungoja wairudie.

Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi. Anaeli Swai alipatikana futi mia chini ya nguzo, katikati ya majani marefu ya mwambani. Mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika. Daktari alisema kifo kilikuwa cha papo hapo, asingeokoka hata kama wangempata saa ile ile. Katika shati lake walikuta karatasi ya ramani iliyokunjwa mara nne. Uwesu aliliweka jibu lile juu ya meza ya mkuu wa kituo pamoja na taarifa yake, ukurasa unaomhusu Theopista kumficha shahidi ukiwa juu. Mkuu alisoma vyote. Alisema huyo mama atapewa onyo kwa maandishi na jalada lifungwe, kisha akatia sahihi.

Eliasi alifika saa nne, amevaa koti zito la huko kwao katika joto la Dar. Alikuja akijua mdogo wake amepatikana. Mengine hakuyajua. Uwesu alimkaribisha kiti, akamsomea maelezo ya mtoto tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ile ile, bila kuongeza neno. Alipomaliza Eliasi aliomba arudie pale penye mwamba. Uwesu akarudia.

"Alitaka kumwonyesha nyumba yangu," alisema Eliasi.

"Ndivyo mtoto anavyosema. Kuna barua uliyomwandikia marehemu ambayo hukuitaja katika shauri lako."

Eliasi aliyatazama mapaja yake. Alisema aliiandika kwa hasira, siku moja, ikaondoka na posta siku ile ile. Alijua Anaeli anakuja baada ya Krismasi. Alidhani watakaa pamoja na kuyamaliza kama walivyoyamaliza mengine tangu utoto. Alipopata habari za mlimani ilikuwa rahisi zaidi kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Hilo la mwisho alilisema polepole, na Uwesu hakuliandika.

Waliinuka pamoja. Nje ya ofisi, kwenye benchi la ukumbini, Theopista alikuwa amekaa akingoja kutia sahihi maelezo yake. Sophia alikuwa kando yake, miguu haifiki sakafuni, visigino vimepona na kuacha makovu ya waridi. Theopista alipomwona shemeji yake alisimama, akamshika mtoto begani. Eliasi naye alisimama palepale mlangoni.

Mtoto alimtazama yule mtu mrefu mwenye koti. Akateremka benchini, akaenda mpaka mbele yake, akainamisha kichwa na kuweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe kama watoto wa pwani wanavyofundishwa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Eliasi alivua kofia.

"Marahaba," alisema.

Kisha akamgeukia Theopista na kumwuliza kama mtoto ana sweta, maana asubuhi Machame kuna baridi, na mazishi yatakuwa mapema.